Sura ya Sita: Nguruwe Yupi Apimwe?

Mwaka 1887 Ujerumani ilifunga mpaka wake kwa nguruwe hai kutoka Denmark, na wafugaji wa nchi hiyo ndogo wakabaki na mabanda yaliyojaa bila mnunuzi. Soko lililobaki lilikuwa Uingereza. Ila Mwingereza hakuhitaji nguruwe hai, wala hakutaka nguruwe mnene. Alitaka bekoni ya kifungua kinywa, itokane na ubavu mrefu wenye nyama nyingi na mafuta kidogo ya mgongoni. Mwaka huohuo wafugaji wa mji wa Horsens walianzisha kiwanda chao cha ushirika cha kuchinja na kusindika nyama, na vingine vikafuata. Tangu hapo suala la dume yupi abaki kuwa dume la mbegu na yupi ahasiwe halikuwa tena la kila mfugaji na banda lake. Lilikuwa suala la riziki ya nchi nzima.

Ugumu ni kwamba unene wa mafuta ya mgongoni haukuweza kujulikana mpaka mnyama achinjwe, na dume aliyechinjwa hapandi tena. Wadenmark walipata njia ya kuzunguka kikwazo hicho. Kuanzia 1907 walijenga vituo vya majaribio ambako kila uzao uliochaguliwa uliwakilishwa na nguruwe wanne, majike wawili na madume wawili waliohasiwa. Wanne hao walilishwa chakula kilekile chini ya paa lilelile, wakapimwa uzito, wakachinjwa, na mizoga yao ikapimwa urefu na mafuta. Matokeo yao yaliwasemea baba na mama waliobaki shambani. Jay Lush, mtaalamu wa uzalishaji wa mifugo wa chuo cha jimbo la Iowa, Marekani, alikwenda kuuona mpango huo na mwaka 1936 akachapisha uchambuzi wake. Kilichomvutia ni ule utaratibu wa kulinganisha wanyama katika hali moja, ili mfugaji mwenye chakula kingi asionekane kuwa na mbegu bora kumbe ana ghala kubwa tu.

Lakini kituo cha majaribio ni ghali. Kila nafasi hukaliwa na nguruwe mmoja kwa miezi mitatu na zaidi, naye hula kila siku na kuhudumiwa na mtu anayelipwa. Nafasi hazikuwahi kutosha, na hazitoshi hadi leo popote duniani. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza nguruwe gani ni bora, mtu anayeendesha mpango wa kuboresha mbegu huuliza swali gumu zaidi: nafasi hizi chache nimpe nani?

Tuchukue mfano ambao msomaji anaweza kuufuata kwa kalamu. Tuseme tuna nafasi 400 za kupima, na tunatafuta madume 2 tu wa kuendeleza kundi. Tunaweza kuwapima madume 10, kila mmoja kwa watoto wake 40. Tunaweza kuwapima madume 20 kwa watoto 20 kila mmoja, au 40 kwa watoto 10, au hata 80 kwa watoto 5. Idadi ya nafasi haibadiliki. Kinachobadilika ni tunachokijua na kuhusu nani.

Mambo mawili yanavutana hapa. La kwanza ni uhakika: watoto 40 wa dume mmoja hutuambia ukweli kuhusu dume huyo kwa karibu kuliko watoto 5, ambao huenda walipata bahati ya mama wazuri. La pili ni ukali wa mchujo: wawili bora kati ya 80 wako mbali zaidi juu ya wastani kuliko wawili bora kati ya 10. Ukiongeza uhakika unapunguza mchujo, na ukiongeza mchujo unapunguza uhakika.

Jibu linategemea sifa tunayoitafuta inarithiwa kwa kiasi gani. Idadi ya watoto kwa uzao mmoja ni sifa inayorithiwa kidogo. Katika tofauti tunazoziona kati ya jike na jike, karibu sehemu moja tu kwa kumi hutokana na urithi. Sehemu kubwa ni chakula, joto, umri, siku aliyopandwa na mambo mengine ya mazingira. Nikipiga hesabu ya zile nafasi 400 kwa sifa hii, mgawo bora kati ya hiyo minne ni madume 20 kwa mabinti 20. Tukiyaita maendeleo yake 100, basi madume 10 kwa mabinti 40 yanatupa 95, madume 40 kwa mabinti 10 yanatupa 93, na madume 80 kwa mabinti 5 yanaporomoka hadi 79. Kuwapa nafasi wengi mno kunatugharimu, kwa sababu tunachagua tukiwa karibu gizani.

Mafuta ya mgongoni ni habari nyingine. Hapo karibu nusu ya tofauti hurithiwa, kwa hiyo watoto wachache wanatosha kumfichua baba yao. Mgawo bora unahamia kwenye madume 40 kwa watoto 10. Wale madume 10 waliopimwa kwa watoto 40 kila mmoja, ambao kwenye idadi ya watoto walikaribia kilele, sasa wanatupa 78 tu kwa kila 100. Tumemaliza nafasi zetu kuthibitisha jambo tulilokuwa tumekwisha kulijua, huku madume wazuri wakipita mlangoni bila kupimwa.

Mtafiti Alan Robertson wa Edinburgh aliliweka tatizo hili katika hesabu safi mwaka 1957, na makala yake kuhusu ukubwa bora wa vikundi vya kupimwa bado ni msingi wa fani hii. Mimi naiona kuwa moja ya kazi zenye manufaa makubwa zilizowahi kuandikwa kuhusu mifugo, kwa sababu inamzuia mtaalamu mwenye bidii asitumie bidii hiyo mahali pasipofaa. Silika ya mtu makini ni kupima zaidi yule mnyama anayempenda, ili ajiridhishe. Robertson alionyesha gharama ya kujiridhisha huko.

Miaka michache kabla yake, huko Iowa, kifaa kidogo kilikuwa kimeanza kuuvuruga ulimwengu wote wa vituo vya majaribio. Lanoy Hazel, mwanafunzi wa Lush, alikuwa tayari amejulikana kwa makala ya 1943 iliyoonyesha jinsi ya kuunganisha sifa nyingi za mnyama katika alama moja kwa kuzingatia thamani ya kila sifa sokoni. Mwaka 1952, yeye na mwenzake Kline walichapisha njia ya kupima mafuta ya nguruwe aliye hai. Nguruwe anashikwa, ngozi ya mgongo inachanjwa kidogo kwa kisu kikali, kisha rula nyembamba ya chuma inasukumwa ndani. Mafuta hayaizuii rula. Inateleza hadi ifike kwenye msuli, na mkono wa mpimaji husikia pale inapogoma. Anasoma kipimo, anaichomoa, na nguruwe anarudi kundini akiwa mzima.

Baadaye chombo cha mawimbi ya sauti kilichukua nafasi ya rula: mpimaji hupaka mafuta au jeli kwenye ngozi karibu na ubavu wa mwisho, akabandika kichwa cha chombo, na namba ikasomeka bila tone la damu. Ila hatua kubwa ilikuwa ile ya rula. Kama dume mwenyewe anaweza kupimwa akiwa hai, hakuna haja ya kusubiri watoto wake. Zile nafasi 400 zinaweza kupewa madume 400 wachanga, kila mmoja akijisemea mwenyewe. Uhakika wa kipimo chake kimoja ni mdogo kuliko wa watoto 10, lakini sasa tunachagua 2 kati ya 400. Nikipiga hesabu hiyo kwa mafuta ya mgongoni, maendeleo kwa kizazi yanazidi mgawo bora wa kupima watoto kwa karibu theluthi moja.

Na hiyo ni kwa kizazi. Muda nao ni rasilimali, na mara nyingi husahaulika kwa sababu hauandikwi kwenye bajeti. Nguruwe hubeba mimba kwa siku 114, yaani miezi mitatu, wiki tatu na siku tatu, kama wafugaji wanavyopenda kuhesabu. Dume aliyepimwa mwenyewe akiwa na miezi mitano au sita anaweza kupanda akiwa na miezi minane, na watoto wake wakazaliwa yeye akiwa na mwaka mmoja. Anayesubiri kupimwa kwa watoto anapanda kwa majaribio akiwa na miezi minane, watoto wanazaliwa, wanalishwa hadi miezi sita, ndipo yeye anachaguliwa na kupanda upya. Watoto wake wanaohesabika wanazaliwa yeye akikaribia miaka miwili. Mpango mmoja unapiga hatua wakati mwingine unainua mguu.

Kwa idadi ya watoto hakuna rula wala chombo cha sauti kilichoweza kusaidia, kwani dume hazai. Ilibidi kutegemea kumbukumbu za mama yake, dada zake na shangazi zake, zikiunganishwa kwa hesabu ambazo Mmarekani Charles Henderson alizitengeneza na ambazo kompyuta za miaka ya 1980 ziliwezesha kutumika kwa nguruwe. Faida ya hesabu hizo kwa mwenye bajeti ndogo ni kubwa: daftari la uzazi ambalo mfugaji angeliandika hata hivyo linageuka kuwa kipimo, bila kujenga banda jipya.

Wale madume 400 wa kupimwa hawapaswi kutoka popote tu. Mipango mikubwa ya nguruwe duniani imejengwa kwa ngazi tatu. Juu kuna mashamba machache ya kundi la kiini, ambako mbegu safi hupimwa na kuchaguliwa. Katikati kuna mashamba ya kuzidisha mbegu, ambako koo huchanganywa. Chini kuna wafugaji wa kawaida wanaouza nyama. Denmark ilikuwa na majike wa kuzaa wanaokaribia milioni moja katika muongo wa 2010, wengi wao wakiwa chotara wa koo za Landrace na Yorkshire wanaopandwa na madume wa koo ya Duroc, na mbegu yote hiyo ilitoka kwenye kundi la kiini la majike elfu chache. Dume anayepanda kwa kawaida huhudumia majike 15 hadi 20. Kwa uhimilishaji, mbegu zake hugawanywa katika dozi zinazoweza kufika mamia ya mashamba kwa mwaka. Ndiyo maana shilingi ya kupima ikitumika kileleni hurudi mara nyingi, na ikitumika chini huishia kwenye banda lilelile. Sidhani kuna mgawanyo mwingine katika ufugaji ambapo mahali pa kutumia fedha pana uzito kuliko kiasi chenyewe.

Kuna mpaka, hata hivyo, na hesabu yangu ya madume 2 imeuvuka. Kundi linaloendelezwa na madume 2 na majike 100 linaongeza undugu wa damu kwa zaidi ya asilimia 6 katika kila kizazi. Shirika la FAO linashauri isizidi asilimia 1. Kwa majike haohao 100, madume wanapaswa kuwa karibu 15 ili tufike hapo. Undugu ukizidi, uzao unapungua, watoto wanazaliwa dhaifu, na zile tofauti za kurithi ambazo uteuzi wote unazitegemea zinakauka. Mwaka 1997 mtafiti Theo Meuwissen alionyesha jinsi ya kukokotoa kila mzazi achangie kiasi gani ili maendeleo yawe makubwa iwezekanavyo bila kuvuka kiwango cha undugu kilichokubaliwa. Wa kwanza kwa ubora hupewa majike wengi, wa kumi wachache, lakini naye hupewa.

Halafu linakuja suala la kupima nini. Kila sifa inayoongezwa kwenye orodha inazipunguzia nyingine nguvu. Ukichagua kwa sifa 4 zisizohusiana na zenye uzito sawa, kila moja inapata nusu tu ya maendeleo ambayo ingepata ikiwa peke yake. Kwa sifa 9 inapata theluthi. Kwa hiyo sifa isiyoleta fedha wala afya haifai kuingia, hata kama ni rahisi kuipima. Na sifa iliyochaguliwa vibaya hudai gharama yake baadaye. Wadenmark walichagua kwa miaka kwa jumla ya watoto wanaozaliwa, na idadi ikapanda kwelikweli, lakini vifo vya watoto wachanga vikapanda pamoja nayo. Jike mwenye chuchu 14 akizaa 18, wanne hawana pa kunyonya. Mwaka 2004 waliiondoa sifa hiyo na kuweka nyingine: watoto walio hai siku ya tano. Kazi ya kuhesabu ni ileile, mtu yuleyule na daftari lilelile, isipokuwa anahesabu siku tano baadaye.

Chakula ndicho gharama kubwa kuliko zote katika nguruwe, na ndicho kigumu kupima. Vihori vya kielektroniki hufanya kazi hiyo kwa kuruhusu nguruwe mmoja kwa zamu: anaingiza kichwa, antena inasoma hereni ya sikioni, na mizani iliyo chini ya kihori inaandika amekula gramu ngapi. Kihori kimoja huhudumia nguruwe kumi na kitu. Kwa hiyo hakuna mpango unaopima ulaji wa kila nguruwe. Hupimwa madume wachache wenye matumaini, na taarifa zao husambazwa kwa ndugu kupitia hesabu.

Kipimo cha vinasaba kimeongeza uwezo bila kufuta tatizo. Dalili za awali zilionekana mwaka 1991, ilipogunduliwa badiliko moja la kinasaba linalowafanya nguruwe wafe ghafla kwa mshtuko na nyama yao iwe nyeupe na yenye majimaji. Kabla ya hapo watoto wa nguruwe walivalishwa barakoa na kuvutishwa gesi ya halothani ili kuona nani anakakamaa miguu. Baadaye lilihitajika tone la damu tu. Kwa sifa zinazotokana na vinasaba vingi, njia ilipendekezwa mwaka 2001 na Meuwissen, Ben Hayes na Mike Goddard, na mwaka 2009 ikapatikana chipu inayosoma alama zipatazo 60,000 za vinasaba vya nguruwe. Kipande cha sikio cha mtoto wa siku chache kinaweza kutabiri mabinti zake watazaa wangapi.

Lakini chipu haijui kitu yenyewe. Inafundishwa na maelfu ya nguruwe waliopimwa kwa mizani, kwa kihori na kwa daftari, na mafunzo hayo huchakaa vizazi vinavyopita. Anayepeleka fedha zote maabara na kuacha mizani, baada ya miaka michache atakuwa na ubashiri wa gharama kubwa kuhusu nguruwe asiowafahamu. Mipango yenye busara husoma alama nyingi kwa wazazi, alama chache kwa watoto, kisha kompyuta hujaza mapengo. Kwa njia hiyo uzao mzima husomwa kwa gharama ambayo ingetosha watoto wachache tu.

Haya yote yanamhusu vipi mfugaji wa Mbeya, wa Masaka au wa Kiambu mwenye majike wawili nyuma ya nyumba? Yanamhusu sana, ila si kwa kunakili Denmark. Mwenye majike wawili hana mchujo wowote wa kufanya. Hata akiweka kumbukumbu kamili, kuchagua mmoja kati ya wawili kwa sifa inayorithiwa kwa sehemu moja kwa kumi hakumfikishi mbali. Kundi la maana hapa ni kijiji au kata, na uamuzi wenye uzito ni mmoja: dume anayezunguka anatoka wapi, na anakaa muda gani.

Anatoka wapi ni suala la mazingira. Madume wengi wa mbegu katika Afrika Mashariki ni uzao wa Large White na Landrace waliochaguliwa kwa vizazi vingi kwa chakula kilichokamilika. Banda la kijijini lina pumba, mashudu yakipatikana, maganda, majani ya viazi na mabaki ya jikoni. Nguruwe anayeongoza kwenye chakula cha kwanza si lazima aongoze kwenye cha pili. Ikiwa uhusiano wa kurithi kati ya hali hizo mbili ni 0.6, basi katika kila hatua 10 zilizopigwa kule, hapa zinafika 6. Kwa hiyo, mahali penye fedha kidogo za kupima, ningezipeleka kwanza kwenye kulinganisha watoto wa madume wachache wakiwa kwenye chakula cha hapa, wakipimwa kwa utepe wa kifua kama hakuna mizani, na kuhesabu wanaoachishwa kunyonya badala ya wanaozaliwa. Maabara ya vinasaba ingesubiri.

Anakaa muda gani ni jambo linaloweza kuhesabiwa leo. Jike hubeba mimba kwa karibu miezi minne, na binti hufikia kupandwa akiwa na miezi minane hivi. Dume anayezidi mwaka mmoja katika kijiji kilekile ataanza kuletewa binti zake mwenyewe, na watoto wa muungano huo wanakuwa na undugu wa asilimia 25, karibu sawa na vizazi vinne vya lile kundi baya la madume 2. Kumhamisha kwenda kijiji kingine kila mwaka hakugharimu zaidi ya usafiri. Kungekuwa rahisi hivyo kama si homa ya nguruwe ya Afrika, ambayo mtafiti R. Eustace Montgomery aliielezea mara ya kwanza nchini Kenya mwaka 1921 na ambayo bado husafisha mabanda ya eneo zima ndani ya wiki chache. Dume anayetembea anaweza kutembea na virusi. Kwa hiyo sehemu ya bajeti lazima iende kwenye banda la karantini na kwenye siku ambazo dume analishwa bila kupanda, na wakati wa mlipuko mzunguko usimame, hata kama undugu utapanda kwa muda.

Linabaki la nani alipe. Mfugaji anayepima watoto wa nguruwe kila wiki anabeba kazi, na faida inamwendea jirani aliyenunua mtamba. Denmark ililitatua kwa tozo ndogo kwa kila nguruwe, inayoingia katika mfuko wa pamoja wa utafiti na maendeleo ya ufugaji. Uganda, kwa sensa ya mifugo ya 2008, ilikuwa na nguruwe zaidi ya milioni 3, na biashara ya kitimoto, yaani nyama ya nguruwe, nchini Tanzania inaonekana jioni yoyote katika miji ya bara. Fedha zinazopita kwenye biashara hiyo ni nyingi. Sehemu ndogo sana ya fedha hizo ingetosha kumlipa kijana mmoja kwa kata, mwenye daftari, utepe na koleo la kutoboa masikio, akianza na wale madume wachache ambao kila mtu kijijini anawategemea.